Kutoka Penseli Nyekundu Hadi Alama ya Sawasawa

Kabla sijasema lolote, toeni kidole gumba kwenye kile kitufe kirefu cha nafasi. Ndiyo, na wewe pia. Juzi nilipita kuwasalimia pale biro, ofisi yenu ya kupiga chapa, nikamwona mmoja wenu anasukuma kichwa cha sura kwa nafasi, moja baada ya nyingine, mpaka kifike katikati ya ukurasa. Nilinyamaza kwa sababu kulikuwa na wateja. Leo hakuna wateja, kwa hiyo sinyamazi.

Mimi ni Mama Feza. Nimepiga memwari za chuo za watoto wa Kalemie tangu enzi za mashini ya kuandika hadi siku nilipowaachia ninyi funguo za biro. Mwanasheria gani wa mji huu, agronomu gani, mwalimu gani, ambaye kazi yake ya kumaliza masomo haikupita chini ya vidole hivi? Wapo, lakini ni wachache, na wengi wao kurasa zao zimepinda. Nasema hivyo bila kuinamisha kichwa. Kazi ya kupanga maandishi ya shule ni kazi, na mimi niliijua.

Mnanikuta mzee sasa, nimekaa Lubuye na mbuzi wangu, mnadhani nilianza na kompyuta. Nilianza na Papa Kalonda. Alikuwa mpiga chapa mkuu wa biro ya kwanza niliyofanya kazi, mtu mwembamba, shati limepigwa pasi hata siku za mvua, na hasira yake ilikuwa karibu sana. Kwake hakuna karatasi iliyoruhusiwa kuingia kwenye mashini kabla ya kupita chini ya penseli yake nyekundu. Mwanafunzi analeta maandishi ya mkono, mara nyingine yananuka ndakala kwa sababu yamesafiri kwenye gunia moja na samaki. Papa Kalonda anayasoma yote. Kichwa kikubwa anakipigia mstari mmoja chini. Kichwa kidogo, miwili. Neno la kukazia, anaweka nyota pembeni. Neno la lugha nyingine, anachora kijimkia. Kisha ndipo ananipa mimi.

"Feza," alikuwa ananiambia, "wewe usiwaze ukurasa utakuwa namna gani. Mimi nimekwisha kukuambia kila kintu ni nini. Fuata alama."

Nilichukia penseli ile. Niliona ananichelewesha. Siku moja hayupo, nikachukua kazi ya mwanafunzi wa historia nikaipiga moja kwa moja, haraka, najisifu. Nilipomaliza, vichwa vikubwa na vidogo vilikuwa vimelingana vyote, na sura ya tatu ilionekana kama kipande cha sura ya pili. Papa Kalonda aliporudi hakunigombeza. Alinipa penseli, akanionyesha rundo la karatasi, akasema, "Piga alama kwanza, halafu rudilia." Nilirudilia yote, na tangu hapo sikulalamika tena juu ya penseli yake.

Shikeni hilo la penseli, nitalirudia.

Kompyuta zilipofika, kila mtu alisahau alama. Sasa unaona ukurasa mbele yako kama utakavyotoka, basi unachora kwa kipanya: hapa nene, hapa kubwa, hapa katikati. Raha tupu, mpaka direkta wa memwari, mwalimu anayeisimamia, aseme sura ya kwanza iwe ya pili. Hapo ndipo raha inageuka homa. Picha zinaruka. Namba za vichwa zinabaki za zamani. Yaliyomo, yale tuliyoyaandika kwa mkono na nukta nyingi hadi kwenye namba ya ukurasa, yanakuwa uongo mtupu. Ninyi mmeziona siku za kudepoze memwari, yaani kuziweka kitivoni kabla ya utetezi. Wanafunzi wamejaa mpaka mlangoni, kila mmoja ana aya moja tu ya kuongeza, na aya moja inasukuma kitabu kizima.

Mtu aliyenitoa humo ni Papa Mukalay, mwalimu wa hesabu, mteja wangu wa miaka mingi. Yeye alikuwa hawezi kuvumilia namna tulivyoharibu hesabu zake. Wakati wa mashini ya kuandika niliacha nafasi tupu, yeye akachora hesabu kwa kalamu. Wakati wa kompyuta nikawa nachora kwa kipanya, ikawa mbaya zaidi. Siku moja alikuja na lugha moja ya kupangia maandishi, ile ya zamani, wanayoitumia wasomi wa hesabu dunia nzima. Mabano kila mahali, mikwaju iliyolala nyuma kila mahali. Ukisahau kufunga bano moja inakataa kitabu chote, halafu inakumwagia maneno ya Kiingereza ukurasa mzima.

"Papa Mukalay," nikamwambia, "hii chukua kabisa. Mimi nina wateja."

Alicheka, akaenda nayo. Akarudi msimu mwingine na fleshi mkononi. "Sasa iko ingine, Mama Feza. Hii njo nyepesi. Tazama tu, usiguse."

Akaandika alama ya sawasawa mwanzoni mwa mstari, kisha jina la sura. Kichwa kikubwa. Akaandika alama mbili za sawasawa. Kichwa kidogo. Neno la kukazia, nyota huku na nyota huku. Neno la lugha nyingine, kistari cha chini huku na huku. Akabonyeza, ukurasa ukajipanga wenyewe pembeni, namba zimekaa, yaliyomo yamejiandika bila mtu kuhesabu chochote.

Nilivua miwani, nikaifuta, nikatazama tena. Papa Mukalay alidhani nimekasirika.

"Hii," nikamwambia, "ni penseli ya Papa Kalonda."

Na kweli ilikuwa hiyo. Unaiambia mashini kila kitu ni nini, halafu unaiacha ifanye kazi yake. Ndiyo maana nasema kwa kiburi chote kwamba niliijua lugha ile kabla ya wiki kuisha, mimi mwenye miwani, wakati vijana wa biro za jirani waliiangalia wakasema ni ya wahandisi. Wao walikuwa hawajawahi kupewa penseli nyekundu. Mimi nilikuwa nimepewa kwa lazima.

Msidhani sikuchekwa. Kazi yangu ya kwanza kwa lugha mpya ilikuwa ya mwanafunzi wa uchumi, kuhusu biashara ya ndakala kati yetu na Kigoma. Sasa ninyi mnajua hapa kwetu bei kubwa zinasemwa kwa dola, na kila mwanafunzi anachora ile alama ya dola. Mimi sikujua kwamba katika lugha hii alama ya dola inafungua hesabu. Nikaandika bei ya gunia msimu wa mvua, nikaandika na bei yake msimu wa jua, nikabonyeza. Mashini ikagoma. Ikanionyesha mstari, ikaniambia haijui "gunia" ni nini. Nimeishi Kalemie maisha yangu yote, halafu kitu kinaniuliza gunia ni nini! Nilimpigia simu Papa Mukalay nikiwa nimewaka. Alicheka mpaka simu ikakatika. Dawa yake ni mkwaju mmoja uliolala nyuma kabla ya alama ya dola, basi. Au andika neno lenyewe, dola, kama watu wazima. Nimewaambia sasa, msije mkasema Mama Feza alificha.

Lakini mniulize ni siku gani nilijua hasa kwamba kazi hii imenilipa. Ni siku ya Furaha.

Furaha alikuwa binti wa Papa Kitenge, mfanyakazi wa kiwanda cha saruji cha Kabimba, mtu mpole ambaye vumbi jeupe lilikuwa halitoki kwenye nyusi zake hata Jumapili. Mama yake alikuwa amefariki. Katika nyumba ile walisoma kwa zamu: mtoto mmoja anapelekwa chuo, akimaliza anafuata mwingine. Zamu ilikuwa ya Furaha, na vita na minerval, yaani ada ya chuo, vilikuwa vimekwisha kula miaka yake. Papa Kitenge alikuwa amesema wazi, mbele ya watu: mwaka huu ukipita bila kutetea, mwaka unaokuja ni wa Emmanuel, mdogo wa Furaha. Hakuwa mkali, hakuwa na namna nyingine tu.

Furaha alinijia Jumatano, macho yamevimba.

"Mama Feza, direkta amekataa kusaini. Anasema yaliyomo inadanganya."

"Inadanganya namna gani?"

"Inasema sura ya pili iko ukurasa fulani. Anafungua, anakuta picha ya samaki."

Nikafungua faili. Iliandikwa biro nyingine, sitataja, wenyewe wanajijua. Mama yangu! Vichwa vyote vimesukumwa kwa nafasi. Namba za kurasa zimeandikwa kwa mkono, moja moja. Nilimwambia, "Mwanangu, hii hatuitengenezi. Hii tunaivua nguo yote, tunaivalisha upya." Nikatoa maandishi matupu, nikampa Furaha kazi ya kunisomea kwa sauti, na kila alipofika kwenye kichwa aseme, "Kikubwa," au "Kidogo," nami naweka alama. Kazi yake ilikuwa ya ukaushaji wa ndakala, na nakuambieni ilikuwa kazi nzuri, ya mtu aliyesimama kwenye mchanga akanusa. Alhamisi direkta aliifungua kwenye yaliyomo, akaenda sura ya pili, akaikuta, akaenda kiambatisho, akakikuta. Akasaini.

Mwisho wa kudepoze ulikuwa Ijumaa saa sita mchana.

Sasa mnajua desturi yetu. Kitabu hakiendi kitivoni kabla familia haijakiona. Ijumaa asubuhi nakala zimekwisha kutoka, zinangoja jalada, na biro ikajaa watu: Papa Kitenge na kofia mkononi, Emmanuel, na Tantine Vero, mdogo wa marehemu mama yake Furaha, mwanamke mfupi wa kitenge cha njano ambaye alisimama kama yeye ndiye rais wa jury, lile jopo la watahini. Na mnajua vilevile familia inasoma nini. Hawasomi sura ya kwanza. Wanasoma shukrani.

Tantine Vero alizisoma kwa kidole. Akazisoma tena.

"Jina la yaya yangu iko wapi?"

Yaya yake alikuwa Papa Ilunga, kaka mkubwa wa marehemu, mvuvi wa Ankoro. Ndiye mjomba aliyeuza wavu wake mkubwa mwaka ambao Furaha alikuwa karibu kufukuzwa chuoni kwa sababu ya minerval. Kila mtu pale alilijua hilo.

"Tuliandika 'wajomba wote', Vero," Papa Kitenge alisema taratibu.

"Wajomba wote njo nani? Wajomba wote waliuzisha wavu?" Hakupandisha sauti, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya. "Yaya iko njiani tayari, anakuja kwa utetezi. Atafungua kitabu ya mutoto wa dada yake, atatafuta jina, atakosa. Kama ni hivyo, sisi upande wa mama hatutaingia ku salle ya utetezi. Mutakaa ninyi peke yenu."

Furaha alianza kulia. "Mama mudogo, biro ya kwanza walitaka shukrani zikae ukurasa mumoja, njo nilifupisha. Papa, saa sita wanafunga. Wakifunga, ulisema mwaka unaokuja ni wa Emmanuel."

"Nilisema," Papa Kitenge akajibu. Aliangalia kofia yake. Kisha akanigeukia mimi, na sitamsahau alivyonitazama. "Mama Feza, kitabu hakiwezi kutoka hapa bila jina la shemeji. Na kikichelewa, mutoto amepotea. Mimi nifanye nini?"

Na umeme ukakatika hapohapo. Mnaujua umeme wetu.

Nieleweni vizuri. Ukurasa wa shukrani ulikuwa umejaa hadi chini. Katika kitivo chao kurasa zinahesabiwa tangu mwanzo bila kukata, na memwari ambayo yaliyomo hayalingani na kurasa inarudishwa pale pale dirishani. Mjomba mmoja akiingia, ukurasa mmoja unaongezeka, kila sura inahama, kila picha inahama. Kwa namna ya zamani, hiyo ilikuwa asubuhi nzima ya kuhesabu na kusahihisha, na kosa moja lingebaki tu mahali. Nimewaona wanafunzi wakikosa mwaka kwa ajili ya shangazi mmoja. Nimewaona kweli.

Mimi nilikuwa na kompyuta ndogo yenye betri. Nilivuta kiti.

"Tantine," nikasema, "niambie namna anavyotaka kuitwa."

"Papa Ilunga wa Ankoro, aliyesimama mahali pa dada yake."

Nikaandika. Na kwa kuwa nina kiburi, na kwa kuwa nilichoka kuona familia zinakatwa ili zikae ukurasa mmoja, nikawageukia wote. "Nani mwingine?"

Walinitazama kama nimerukwa na akili. Papa Kitenge akasema, "Mama Feza, wakati..."

"Wakati ni wangu. Leteni majina yote. Nani mwingine amesahauliwa?"

Basi yakaja. Bibi wa Moba aliyetuma maharage. Kwaya ya parokia. Mama wa sokoni aliyekuwa anakopesha mikate. Mwenye pikipiki aliyempeleka chuoni siku za mvua. Emmanuel akamtaja rafiki yake aliyeazima simu, nikamwandika na yeye. Furaha alikuwa analia na kucheka pamoja, na Tantine Vero alikaa, mara ya kwanza tangu aingie. Shukrani zilipita ukurasa wa pili, zikaingia wa tatu.

"Nani mwingine?" nikauliza tena.

Wakatazamana. Wakatikisa vichwa. Hakuna mwingine.

Nikangoja kidogo. Miaka yangu yote katika kazi hii, nimeandika shukrani kwa maprofesa, kwa wajomba, kwa wachumba ambao hawakuoa. Hakuna hata mmoja aliyewahi kumkumbuka aliyezipiga. Papa Kalonda alikufa, na hayumo katika kitabu chochote cha mji huu. Nikarudisha macho kwenye mashini, nikaandika mstari wa mwisho: "na Mama Feza, aliyekipanga kitabu hiki." Sikuomba ruhusa. Nikabonyeza.

Yaliyomo yakajipanga yenyewe. Nikamwita Furaha achague sura yoyote, akachagua ya pili, kwa hofu ya zamani. Tukaenda kwenye ukurasa uliotajwa. Ilikuwepo. Akachagua picha ya vitanda vya kukaushia. Ilikuwepo. Mwenye duka la dawa jirani aliwasha grupu lake, ile jenereta, tukavuta waya dirishani, printa ikaamka, nakala zikatoka moto, pete za jalada zikaingia. Furaha alipanda pikipiki, kitabu amekikumbatia kifuani, na Papa Kitenge akapanda nyuma yake, jambo ambalo lilimtia hofu kuliko memwari. Walimkuta katibu wa kitivo ameshika funguo mkononi. Alikaa tena, akafungua yaliyomo, akachagua ukurasa, akagonga muhuri.

Mnaniona natabasamu. Acheni nitabasamu.

Siku ya utetezi nilikwenda, nimevaa vizuri, nikakaa nyuma. Papa Ilunga alikuwa amefika. Aliteremka mto kwa mtumbwi mpaka Kabalo, akangojea garimoshi, akaingia Kalemie na mavumbi yake yote. Upande wa baba walikaa kushoto, upande wa mama kulia, wengi hata viti vikapungua. Furaha alitetea vizuri sana. Mmoja wa jury alimwambia kwamba ni memwari ya kwanza mwaka ule ambayo aliitembea bila kupotea, na mimi kule nyuma nilikaa wima.

Baadaye, kwenye uwanja wa nyumbani kwao, kabla ya kula, Papa Kitenge alisimama akasoma shukrani zote kwa sauti, kama tunavyofanya. Alipotaja Papa Ilunga wa Ankoro, aliyesimama mahali pa dada yake, mzee yule alishika magoti yake kwa mikono miwili akaangalia chini. Papa Kitenge akaendelea, bibi wa Moba, kwaya, mikate, pikipiki, hadi mstari wa mwisho. Akanitaja kwa sauti ileile, bila kusita.

Papa Ilunga akainua kichwa. "Huyu Mama Feza, ni wa upande gani? Wa baba ao wa mama?"

Watu wakanigeukia. Tantine Vero ndiye aliyejibu.

"Njo ule alipanga kitabu, yaya. Tulimusahau. Akajiandika mwenyewe."

Uwanja mzima ukacheka, na mimi sikujua niweke wapi mikono. Mzee yule hakucheka. Alinitazama vizuri, kisha akasogea kwenye benchi lake.

"Alifanya muzuri," akasema. "Mimi nilingojea waniandike, Vero ameniambia karibu nikose. Mama, kuja ukae huku kwetu."